Jinsi nilivyoimaliza Oblivion bila kudhoofika kadiri nilivyopanda ngazi

Kila aliyecheza Oblivion, mchezo wa kompyuta wa kumkuza mhusika katika ulimwengu wa kubuni, kwa muda mrefu anamfahamu mnyang'anyi wa barabarani anayedai vipande 100 vya dhahabu au roho yako. Mwanzoni mwa mchezo dai lake linaeleweka, kwa kuwa naye ni fukara aliyevaa manyoya na ngozi. Ukipita barabara hizohizo baada ya kuvuka ngazi ya 20 ya ukuaji wa mhusika wako, mnyang'anyi wa namna ileile atakusimamisha akiwa amevaa deraya ya kioo yenye thamani mara nyingi zaidi ya hicho anachokudai, na bado atataka 100 zilezile. Wachezaji wengi huliona jambo hili kuwa kichekesho. Mimi naliona kuwa dalili ya kasoro kubwa kuliko zote za mchezo huu mpana uliotoka mwaka 2006, nao ni mchezo ambao hata hivyo naupenda kuliko mingine yote ya aina yake.

Kasoro yenyewe ni kwamba ulimwengu wote wa Cyrodiil, nchi ya kubuni ambamo hadithi inatokea, hupimwa kwa ngazi ya mchezaji. Ukiwa dhaifu, unakutana na panya na vijipepo. Ukipanda, kila pango linajaa minotauri na kila jambazi anapata silaha ambazo zamani ungedhani ni za mashujaa peke yao. Unakuwa kama mpangaji ambaye kila akiongezewa mshahara, mwenye nyumba naye anapandisha kodi. Hilo lingevumilika kama nguvu za mchezaji zingepanda kwa kasi ileile, lakini mfumo wa kumkuza mhusika umejengwa kwa namna ambayo mtu anayecheza kwa raha zake, bila kupiga hesabu, anaweza kupanda ngazi huku maadui wakiongezeka nguvu kuliko yeye.

Ili nieleze nilichofanya, sina budi kwanza kueleza mfumo huo unavyokwenda. Mchezo una stadi 21, na mchezaji huchagua 7 kuwa kuu. Stadi kuu zikipanda mara 10 kwa jumla, na mhusika akalala kitandani, anapanda ngazi moja na kuruhusiwa kuongeza sifa tatu kati ya nane: Nguvu, Akili, Nia, Wepesi, Kasi, Ustahimilivu, Haiba na Bahati. Kiasi cha nyongeza hutegemea stadi zilizo chini ya sifa hiyo, ziwe kuu au ndogo. Zikiwa zimepanda mara 10 tangu ngazi iliyopita, unapata alama 5. Zikiwa hazikupanda kabisa, unapata 1. Bahati peke yake hubaki kwenye alama 1 siku zote. Kwa hiyo mtu aliyechagua kukimbia, kuruka na kuchokoa kufuli kuwa stadi kuu atapanda ngazi kwa sababu tu ya kutembea huku na huko, atafika ngazi za juu akiwa na mkono dhaifu wa upanga, na huko atawakuta magoblini wakuu wanaomsubiri wakiwa na uhai unaoongezeka kila ngazi bila kikomo.

Ustahimilivu una ukatili wake wa pekee. Kila unapopanda ngazi, uhai wako huongezwa sehemu ya kumi ya Ustahimilivu ulio nao wakati huo, na mchezo haurudi nyuma kukufidia. Mwenye Ustahimilivu wa 40 anapata alama 4 za uhai. Mwenye 100 anapata 10. Anayeuacha Ustahimilivu hadi mwishoni hupoteza uhai ambao hataupata tena, na hakuna mahali ndani ya mchezo anapoonywa kuhusu hilo. Kwa maoni yangu, huu ndio uamuzi mbaya zaidi wa kiufundi katika mchezo mzima.

Niliamua kuumaliza mchezo kwa mizania yake ya asili. Yapo marekebisho makubwa yaliyotengenezwa na wachezaji, kama Oscuro's Oblivion Overhaul, ambayo hupanga upya maadui ili baadhi ya maeneo yawe magumu daima na mengine mepesi daima, na wengi huyapendelea. Mimi nilitaka kujua kama mchezo wenyewe, ukiondolewa hitilafu za programu tu, unaweza kuchezwa kwa haki bila kugeuka kuwa kazi ya mhasibu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutengeneza tabaka langu mwenyewe la mhusika, yaani mkusanyiko wa stadi zake kuu, badala ya kuchukua lililopangwa tayari. Sikuweka kukimbia wala kuruka katika stadi kuu, kwa sababu hizo hupanda zenyewe. Niliweka upanga, uchawi wa kuangamiza, uponyaji na nyingine chache ambazo nilikuwa na uwezo wa kuamua nizitumie lini. Kukinga kwa ngao na kukarabati silaha niliziacha kwa makusudi ziwe stadi ndogo. Zote mbili ziko chini ya Ustahimilivu, na kwa kuwa ni ndogo, niliweza kuzipandisha bila kusogeza ngazi. Nilikuwa nikinunua nyundo nyingi na kutengeneza kila silaha iliyochakaa niliyoiokota, hata zile ambazo sikukusudia kuzitumia. Katika ngazi za mwanzo nilihakikisha Ustahimilivu unaongezwa kila mara, na sifa nyingine zikafuata.

Wako wanaokwenda mbali zaidi. Hupanga stadi kuu zisizotumika kabisa, wakabaki ngazi ya 2 mchezo mzima huku upanga wao umefika 100, nao huvuka kila pango bila jasho. Hesabu yao ni sahihi, lakini sioni ladha ya kuokoa dunia iliyojaa panya. Wengine hukataa kulala mpaka wawe na alama 5 kamili katika sifa tatu, kila ngazi bila kukosa. Nami niliweka daftari la kuandika stadi zilizopanda, ila nilijiwekea kanuni nyepesi: sifa mbili zikifika 4 au 5, yatosha. Walimu wa kulipwa, ambao hukubali kukufundisha mara 5 tu kwa kila ngazi, niliwatumia kuziba mapengo.

Mpangilio wa kazi unazopewa na mchezo nao una uzito kuliko inavyodhaniwa. Mji wa Kvatch, ambao hadithi kuu hukupeleka kuukomboa, niliushughulikia mapema, kwa kuwa askari wachache wanaopigana upande wako hupata shida kubwa maadui wanapokuwa wameshakua kwa kukufuata wewe. Gharama yake ni kwamba baada ya hapo malango ya moto wanamotokea maadui huanza kufunguka sehemu nyingine za nchi, nami nilikubali. Kinyume chake, kazi ambazo zawadi yake ni silaha ya kipekee nilizichelewesha. Upanga wa Chillrend, unaopatikana kwa kuwasaidia vijana wa familia ya Odiil karibu na mji wa Chorrol, hutolewa kwa nguvu inayolingana na ngazi yako siku unapoupokea, na haukui tena. Mwenye kuupata mapema anauweka kabatini baada ya muda mfupi. Kwa mchezo unaosifiwa kwa uhuru wa kwenda popote, kumwadhibu aliyekwenda mapema ni jambo la ajabu.

Kuhusu hitilafu za programu, niliweka toleo la mwisho la kiraka rasmi (programu ya watengenezaji ya kusahihisha makosa), 1.2.0416, kisha juu yake kiraka kisicho rasmi kilichoandikwa na wachezaji, ambacho husahihisha mamia ya makosa madogo madogo. Sikutumia hifadhi ya haraka, ambayo huandika juu ya faili lilelile. Kila mara nilihifadhi faili jipya, jambo ambalo ni la lazima zaidi kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa katikati ya kuandika faili. Ipo pia hitilafu mashuhuri inayowapata wenye mchezo mrefu sana: kihesabio kimoja ndani ya faili la hifadhi hukua mpaka moto, milango na mwanga wa uchawi huanza kusogea kwa kushtuka na hatimaye kuganda. Wachezaji walitengeneza zana ya nje ya kurudisha kihesabio hicho nyuma, nami niliitumia mara tu mienge ilipoanza kusitasita.

Mianya ya kudanganya niliitenga katika makundi mawili. Ule wa kunakili vitu kwa kuchagua rundo la hati za uchawi mara mbili kisha kuangusha kitu chochote, sikuugusa, na mavazi ya kujificha yanayofika asilimia 100, ambayo huwafanya maadui wasimame wakikatwa bila kujua wanakatwa na nani, niliyapiga marufuku pia. Lakini uchawi wa kutunga mwenyewe, unaomdhoofisha adui kwanza kisha kumpiga, niliutumia bila haya. Huo umewekwa na mchezo, unagharimu dhahabu, na pasipo huo magoblini wakuu huwa ni mazoezi ya kuchosha vidole.

Uamuzi ulionisaidia kuliko yote ulikuwa kuacha kulala. Kwa kuwa hakuna anayepanda ngazi bila kitanda, nilipofika mahali ambapo maadui na mimi tulilingana vizuri, nilibaki hapo. Kusubiri kwa saa kadhaa hurudisha uhai na nguvu za uchawi sawasawa na usingizi, na stadi huendelea kupanda. Kulikuwa na faida ya ziada ambayo sikuitafuta: ugonjwa wa wanyonya damu hukamilika pale mgonjwa anapolala baada ya siku tatu, hivyo mtu asiyelala ana nafasi yote ya kutafuta tiba. Hasara yake ni kwamba mjumbe wa chama cha wauaji humtembelea mtu akiwa usingizini, kwa hiyo hadithi ya chama hicho, ambayo naihesabu kuwa bora kuliko hadithi kuu, ilinilazimu niimalize kabla ya kufunga kitanda.

Hadithi kuu niliimaliza kwa namna hiyo, kwa mapambano yaliyokuwa magumu bila kuwa marefu kupita kiasi. Toleo lililofanywa upya, lililotoka Aprili 2025, limeachana na mfumo ule wa nyongeza: stadi kuu na ndogo zote husogeza ngazi, na kila ngazi hutoa alama 12 za kugawa, zisizozidi 5 kwa sifa moja. Nimeanza mhusika mwingine humo, kukimbia kumo katika stadi zake kuu, na daftari sijalifungua.