Nilivyotuliza ngozi ya chini ya macho bila limau wala krimu za tyubu

Ukitaja weusi wa chini ya macho hapa Nairobi, jibu la kwanza ni limau. La pili ni dawa ya meno, na la tatu ni krimu ya tyubu inayouzwa River Road bila hata karatasi ya maelezo. Ushauri huu unaniudhi sana. Ngozi ya hapo ina unene wa takribani nusu milimita, ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini, na tezi zake za mafuta ni chache. Asidi ya limau huiunguza, na maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likaipiga, hutokea madoa meusi kuliko yale yaliyokuwa yanafutwa. Dawa ya meno nayo imejaa sabuni na minti.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua weusi wangu ni wa aina gani, maana dawa ya mmoja haimfai mwingine. Simama dirishani mchana ukiwa na kioo. Vuta ngozi ya chini ya jicho kidogo kuelekea kando. Rangi ikisogea na ngozi bila kubadilika, ni weusi wa ngozi yenyewe. Ikigeuka ya zambarau, unaona mishipa ya damu. Halafu inua kidevu uso uelekee mwanga: weusi ukipotea, ulikuwa kivuli cha bonde lililo chini ya jicho, na hakuna krimu inayojaza bonde. Wangu ulikuwa wa ngozi. Ndiyo maana sikununua seramu ya kafeini. Kafeini hubana mishipa kwa saa chache na kupunguza uvimbe wa asubuhi, lakini rangi ya ngozi haiigusi.

Weusi wa ngozi hulishwa na mambo mawili makubwa, kusugua na jua.

Kusugua huletwa na mwasho. Vumbi likipanda, na baadaye mijakaranda ikichanua kuanzia Septemba au Oktoba, wenye aleji husugua macho bila kujua, na ngozi yetu nyeusi hujibu kila msuguano kwa kuongeza rangi. Mimi huweka kitambaa safi kilicholowa maji baridi kwa dakika tano, macho yakiwa yamefumbwa. Kisipotosha, nenda kemisti uulize matone ya aleji yasiyo na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Soma kisanduku mwenyewe: ukiona deksamethasoni au betamethasoni, hizo ni steroidi, rudisha, matone hayo ni ya kuandikiwa na daktari wa macho. Krimu za tyubu ni vivyo hivyo. Nyingi zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi pia, ambazo hung'arisha kwa muda, kisha ngozi inazidi kuwa nyembamba na mishipa inaonekana. Zikitumika muda mrefu karibu na jicho zinaweza kuleta glakoma (presha ya jicho) na mtoto wa jicho. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado utavikuta kaunta.

Jua ndilo lililonisumbua zaidi. Mji huu uko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na miale ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mawingu ya Julai hupunguza joto kuliko yanavyopunguza miale, na kioo cha dirisha la matatu hupitisha ile inayotia ngozi weusi. Kwa hivyo sanskrini, yaani krimu ya kuzuia jua, ni lazima, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu macho yanawaka.

Nilijaribu sanskrini ya kawaida ya maji maji: ukipanda Upper Hill saa sita na jasho likatoka, machozi yanakutiririka. Nikahamia ya zinki oksaidi, ambayo haichomi sana, lakini iliacha rangi ya majivu. Ya jeli ilikuwa na alkoholi, ikakausha ngozi mpaka ikapasuka pembeni. Iliyokubali ni ya kijiti, ngumu kama mafuta ya midomo, yenye zinki na rangi ya kahawia. Kahawia hiyo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao peke yake hutia weusi ngozi zetu.

Lakini hata kijiti hakikumaliza kuwaka, na hapa ndipo penye siri. Wengi hulaumu walichopaka chini ya jicho, ilhali kinachochoma kinashuka na jasho kutoka kwenye paji la uso. Dawa yake: losheni ya paji la uso iishie upana wa kidole juu ya nyusi. Sehemu iliyobaki pitisha kijiti, mkanda mmoja kutoka panja hadi panja, kisha gusa nyusi kwa Vaseline kidogo mno. Nta ya kijiti na mafuta hayo huzuia jasho na kulielekeza pembeni. Tangu hapo macho yangu hayajawaka hata kwenye foleni ya jua kali.

Chini ya jicho usisugue kijiti moja kwa moja. Kipake kidoleni, kisha bonyeza kwa kidole cha pete juu ya mfupa, ukiacha milimita chache kabla ya kope. Rudia mara mbili. Miwani ya jua iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya UV. Nyeusi isiyozuia miale inaweza kupanua mboni na kuingiza miale zaidi.

Usiku, maskara isiyotoka kwa maji huondolewa kwa mafuta: lowesha pamba, iache juu ya jicho nusu dakika, ndipo uteremshe kwa upole. Kuhusu wanja wa unga usio na lebo, mwingine una madini ya risasi yenye sumu, mimi siutumii. Kisha krimu ya gliserini isiyo na manukato, kiasi cha punje moja ya ndengu kwa macho yote mawili. Retinoli (aina ya vitamini A) ya asilimia 0.1 inatosha, mara mbili kwa wiki, kwenye mfupa tu, maana usiku inaweza kusogea kuelekea jichoni. Mjamzito na anayenyonyesha aiache. Ukiona vipele vidogo vyeupe na vigumu, huenda krimu ni nzito mno. Punguza, wala usivitoboe.

Gharama? Kijiti nilinunua kwa shilingi elfu moja na kitu, gliserini kwa mia chache, Vaseline unayo tayari.

Kope za juu zikiwasha na kukauka ghafla ilhali hujabadilisha krimu, angalia kucha. Rangi ya kucha inaweza kuanzisha aleji pale pale kwenye kope, kwa sababu vidole havikosi kugusa macho; gundi ya kope bandia na rangi ya nywele nazo zinaweza. Viache kwa wiki nne. Uvimbe ukiwa wa jicho moja, wenye maumivu au homa, au ukiona ukungu, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Weusi wa kawaida wenyewe hupungua polepole: pima kwa miezi mitatu, picha ipigwe dirisha lile lile, saa ile ile.