Magharibi ya Wete na Magharibi ya Mjini

Kila Ramadhani swali hurudi nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba: tufuturu kwa adhana ya Magharibi ya redioni kutoka Unguja, au kwa ya msikiti wetu, ambayo hutangulia? Mama mkwe wangu hushika tende mkononi akangoja redio, kwa kuogopa kuiharibu saumu dakika ya mwisho. Namheshimu sana kwa uangalifu wake. Lakini mimi nasomesha jiografia, na jibu langu ni moja: jua likishazama Wete, saumu ya Wete imekwisha.

Tazama ramani. Wete iko mashariki ya Unguja Mjini kwa kiasi cha nusu digrii, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Basi jua hufika juu kwetu kama dakika 2 kabla ya kufika juu kwao. Tena Wete iko karibu zaidi na Ikweta, na hapo ndipo hesabu inaponoga. Disemba, jua likiwa kusini, mchana wa Mjini huwa mrefu kidogo kuliko wetu, kwa hiyo Magharibi yetu hutangulia kwa dakika 4 hivi. Juni mambo hugeuka: jua huzama karibu wakati mmoja, lakini asubuhi huchomoza kwetu dakika 4 mbele. Kwa Ramadhani za Februari, kama hizi za sasa, tofauti ya kufuturu ni kama dakika 3. Zile za Juni, kama ya 2016, la kuchunga lilikuwa daku: aliyekula Wete mpaka akasikia adhana ya Alfajiri ya Mjini alikuwa amekwisha kuingia ndani ya Alfajiri yetu.

Wanafunzi hawaamini mpaka wapime wenyewe. Tunachukua ufito wa mita moja, tunausimamisha uwanjani kwa timazi ya fundi mwashi usije ukainama, kisha tunachora duara kwa chaki tukiuzunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya duara. Kinapungua pole pole mpaka ncha yake inagusa mstari. Hapo tunatia alama. Adhuhuri ikipita kinaanza kurefuka tena, na ncha inagusa mstari upande wa pili, alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo ulipo mstari wa kaskazini na kusini, na kivuli kikiuvuka kuelekea mashariki, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia.

Watoto hushangaa kuona kwamba hilo halitokei saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, iliyo mashariki yetu, na mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima, tena mhimili wake umelala upande. Ndiyo maana mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka Wete karibu saa 6:05 mchana, na katikati ya Februari karibu saa 6:35. Anayeswali Adhuhuri mwaka mzima kwa kuangalia saa 6:10 atakuwa ameswali kabla ya wakati siku nyingi.

Mstari ule una neema nyingine. Makka iko karibu kabisa kwenye longitudo yetu, kwa hiyo ukiufuata kwenda kaskazini umeelekea Kibla. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, kivuli cha jua la katikati kinaonesha Kibla chenyewe. Miezi mingine jua ndilo linalokaa upande wa Kibla, na kivuli kinalala kusini. Sijui kama kuna zawadi kubwa zaidi kwa mwalimu wa jiografia wa Pemba!

Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini hasa, na ufito unabaki bila kivuli. Siku hiyo huwasimulia Hadithi ya Jibrili alipomswalisha Mtume (S.A.W.) kwenye Kaaba siku mbili, ya kwanza mwanzo wa nyakati na ya pili mwisho wake. Imo kwamba Adhuhuri ya kwanza kivuli kilikuwa kiasi cha ukanda wa kiatu. Mtoto aliyeuona ufito wake ukikosa kivuli analielewa jambo hilo mara moja.

Alasiri kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, ni kivuli kilingane na kitu chenyewe, ukiondoa kile kivuli cha katikati. Mwisho wa Juni ufito wetu huacha sentimita 54 jua likiwa juu, basi Alasiri inangojea kivuli kifike sentimita 154. Siku ya jua la utosini, 100 zinatosha. Mahanafi wanasubiri urefu wa mara mbili.

Alfajiri na Isha ndiko kwenye mvutano, maana hakuna kivuli cha kupima. Fiqhi inasema Alfajiri ya kweli ni weupe unaotandaa upana kwenye upeo wa mashariki. Ule wa uongo husimama wima kama mkia wa mbwa mwitu, kisha hufifia. Isha, kwa Mashafii, ni wekundu wa magharibi ukishaondoka. Wanahesabu wameugeuza mwanga huo kuwa digrii za jua chini ya upeo: kwa Alfajiri Rabita ya Makka, jumuiya ya Waislamu wa dunia, hutumia 18, Misri 19.5, baadhi ya Waislamu wa Marekani 15. Kwetu, karibu na Ikweta, jua hushuka na kupanda karibu wima, kwa hiyo digrii 3 ni dakika 12 au 13 tu. Kwa anayekula daku, hizo si chache.

Basi kabla ya Ramadhani fungua programu ya sala kwenye simu yako. Mahali pasiwe Zanzibar wala Dar es Salaam. Andika Wete, au Chake, au Mkoani. Alasiri iwe ya Shafii. Digrii za Alfajiri waulize masheikh wa msikiti wako wanafuata zipi, uweke hizo hizo. Ukiwa bado na shaka juu ya Adhuhuri, mchana mmoja wenye jua na ufito uliosimama sawasawa utakutosha.