Tiki, tiki, kimya

Jamani, nimerudi Dar juzi baada ya miezi miwili Moshi. Nazungusha ufunguo wa gari: tiki, tiki, basi. Fundi umeme akapima betri, volti 10.8. Betri nzima iliyojaa inatakiwa isome kama 12.6 gari likiwa limezimwa. "Bosi, alamu imekunywa moto wote." Kumbe hata gari likiwa limepaki, alamu, saa na kompyuta yake vinanyonya kidogo kidogo.

Mdogo wangu alikuwa akiliwasha dakika tano kila Jumapili, anazima. Nilimsifu kweli! Kumbe dakika tano za kuunguruma tu bila kwenda hazitoshi kuijaza betri.

Tukabusti, yaani tukaazima moto kwa waya kutoka gari la jirani, kisha betri ikalala kwenye chaja usiku kucha. Fundi anasema ikikaa tupu muda mrefu, sahani za madini ya risasi ndani hushika ukoko, na uwezo uliopotea haurudi wote.

Safari ijayo nafungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Redio itasahau stesheni zangu. Isahau tu.