Vyumba Tofauti Ndani ya Nyumba Moja

Katika kuikarabati nyumba yetu hapa Kisumu, tumekubaliana na fundi kwamba sakafu ya terazo iendelee bila kukatika kutoka sebuleni hadi vyumbani, na fremu zote za milango zipakwe vanishi ile ile, kwa kuwa jicho linalokutana na vitu hivyo kila mahali hutambua kwamba nyumba ni moja. Kuta ndizo zinazotofautiana. Sebule, inayopigwa na jua la jioni kutoka upande wa ziwa, imepata rangi ya kijivu inayopunguza ukali wa mwanga. Chumba cha kulala kinachotazama mashariki kimepewa rangi ya udongo, ambayo mama mkwe anaiona ya kizamani, nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Jikoni tumeweka vigae vyeupe tu, maana huoshwa kwa urahisi.