Sufuria iliyoungua, birika lenye chokaa na kioo cha oveni: nilivyovisafisha

Vyombo vilivyonipa kazi kuliko vyote jikoni ni vitatu: sufuria nene ya chuma kisichoshika kutu ambayo mchuzi ulikuwa umeungulia chini, birika la umeme lililojaa magamba meupe ndani, na kioo cha mlango wa oveni kilichokuwa kimegeuka kahawia kwa mafuta. Vyote nilivirudisha katika hali ya kutumika bila kununua dawa maalumu. Kilichonisaidia zaidi ni kujiuliza, kabla hata ya kushika dodoki, uchafu ulio mbele yangu umetokana na nini. Uchafu sugu wa jikoni kwa sehemu kubwa huangukia katika makundi mawili: uchafu wa chokaa, ambao huyeyushwa na asidi kama vile siki au maji ya limau, na uchafu wa mafuta na chakula kilichoungua, ambao hulegezwa na alkali kama vile bekingi soda, magadi ya kufulia na sabuni. Uchafu wa kundi moja ukipewa dawa ya kundi la pili, mtu atasugua mpaka mkono ufe ganzi.

Nilianza na birika kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi. Maji magumu, yaani yale yenye kalisi na magnesi kwa wingi, huacha chokaa yanapochemshwa: bikaboneti ya kalisi iliyoyeyuka ndani yake huvunjwa na joto, gesi ya kaboni dioksidi huondoka, na kinachobaki ni kaboneti ya kalisi, ambayo ndiyo iliyo pia katika maganda ya mayai. Sabuni haina la kufanya hapo, na kukwangua kwa kisu ni kulitia birika michubuko itakayoishika chokaa mpya kwa urahisi zaidi. Nilichanganya siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi, na maji kwa kiasi sawa, nikajaza mpaka magamba yote yakazama, nikapasha moto hadi mchanganyiko ukakaribia kuchemka, kisha nikazima na kuuacha kwa muda wa saa moja. Ukiinama na kutazama ndani utaona vipovu vidogo vikipanda kwa mistari kutoka kwenye magamba. Vipovu vikikoma na chokaa ikiwa bado ipo, hiyo ni ishara kwamba siki imeishiwa nguvu, nawe huna budi kuimwaga na kuweka nyingine. Baada ya hapo nilisuuza, nikachemsha maji matupu na kuyamwaga ili harufu iondoke. Asiyependa harufu ya siki anaweza kutumia unga wa asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa lita 1 ya maji, ila maji yawe ya uvuguvugu tu, kwa sababu sitreti ya kalisi inayotokea huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto.

Sufuria ilikuwa na mambo mengi zaidi. Kinachoungulia chini ya sufuria huwa cha tabaka kadhaa: juu kuna ukoko uliolegea ambao mwiko unatosha kuutoa, chini yake kuna ukoko mgumu wa wanga, protini na mafuta, na kwenye chuma chenyewe kuna utando mweusi mwembamba ambao umekaribia kuwa mkaa. Kila tabaka lina wakati wake, na nadhani watu wengi hukata tamaa kwa sababu huanza kushughulika na utando wa mwisho wakati tabaka la katikati bado halijalainika. Niliiacha kwanza sufuria ipoe, kwani maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye chuma chenye moto mkali huweza kukipinda kitako. Kisha nilitia maji ya kufunika ukoko wote pamoja na bekingi soda, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, nikaacha yachemke kwa moto mdogo kwa dakika 15 hivi.

Kuchemsha huku kuna faida mbili. Joto hulainisha ukoko, na wakati huohuo huibadilisha soda yenyewe. Bekingi soda ikiyeyushwa katika maji baridi ni alkali dhaifu, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali, ambacho katikati yake ni 7) iliyozidi 8 kidogo tu, lakini ikichemshwa hupoteza kaboni dioksidi na kugeuka taratibu kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo pH yake hukaribia 11. Ndiyo maana kuinyunyiza tu soda kwenye sufuria baridi na kusubiri hakuleti matokeo yaleyale. Baada ya dakika chache maji yaligeuka rangi ya chai iliyokolea, na nilipousukuma ukoko kwa ncha ya mwiko wa mti, uliinuka vipande vipande kuanzia pembeni, ukiacha chuma kinachong'aa chini yake. Palipogoma sikuongeza nguvu. Nilimwaga yale maji, nikaweka mengine na soda nyingine, nikachemsha tena. Ule utando wa mwisho niliupaka soda iliyokorogwa kwa maji kidogo mpaka ikawa nzito, nikauacha usiku kucha, kisha nikasugua kwa sponji isiyokwaruza. Chembe za bekingi soda ni laini kuliko chuma hicho, kwa hiyo husaidia kusugua bila kukitia mikwaruzo, tofauti na waya wa chuma.

Njia hii haifai kwa sufuria za alumini. Alkali ya moto hula tabaka la oksidi linaloilinda alumini, na sufuria hutoka ikiwa na weusi ambao haukuwapo awali. Alumini iliyokwisha kufifia hivyo hung'aa tena ikichemshiwa maji yenye limau au siki kidogo. Vilevile, palipoungulia mayai au maziwa mepesi, hasa kwenye chombo ambacho bado hakijakauka, ni bora kuanza na maji baridi, kwa maana protini za ute wa yai huanza kuganda kuanzia nyuzijoto 60 hivi, na maji ya moto yatazigandisha zaidi.

Hapa nieleze kwa nini sikuchanganya siki na bekingi soda, ingawa mchanganyiko huo husifiwa kila mahali. Povu lake linavutia macho, nakiri. Lakini asidi na alkali zikikutana huuana nguvu: povu ni kaboni dioksidi inayotoroka, na kinachosalia ni maji yenye asetati ya sodiamu, ambayo hayawezi chokaa wala mafuta. Ukiona umefanikiwa kwa njia hiyo, yaelekea kilichofanya kazi ni ile soda au ile siki iliyozidi. Mchanganyiko huo walau haudhuru mtu. Dawa yenye klorini ya kung'arisha nguo ni jambo jingine kabisa: ikikutana na siki au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa kloramini, na zote mbili huumiza mapafu. Mimi nimeamua dawa hiyo isiwekwe karibu na siki wala kutumika siku moja na siki kwenye chombo kimoja.

Kioo cha oveni kilihitaji subira zaidi ya kitu kingine chochote. Mafuta yaliyorukia kioo na kuokwa tena na tena huungana yenyewe kwa yenyewe na kuwa kigumu kama vanishi, na sabuni ya vyombo huteleza juu yake tu. Nilikipaka soda iliyokorogwa nzito, nikafunika kwa kitambaa kibichi ili isikauke, kwa sababu soda iliyokauka haiendelei kufanya kazi, nikaacha mpaka asubuhi. Madoa ya katikati yalitoka kwa kukwangua na kipande cha plastiki bapa. Ya pembeni, yaliyokuwa ya zamani zaidi, niliyapaka magadi ya kufulia yaliyoyeyushwa kwa maji ya moto, nikiwa nimevaa glavu, kwa kuwa hayo ni makali kwa ngozi. Nilihakikisha hayagusi mpira wa mlango wala vyuma vya kupashia joto. Mwishoni, soda yote ilipokwisha kusuuzwa, nilipitisha kitambaa chenye siki kidogo ili kuondoa ukungu mweupe uliobaki. Hapo siki na soda zilitumika zote mbili, ila kwa zamu.

Sufuria nayo ilikuwa imebakiwa na alama za aina mbili baada ya weusi kutoka. Rangi za upinde wa mvua kwenye kitako husababishwa na tabaka la oksidi lililonenepa kwa moto mkali, na zilifutika kwa siki katika muda wa dakika moja. Vile vitone vidogo vyeupe havikutoka na havitatoka, kwa sababu ni vishimo halisi, vilivyochimbwa na chumvi iliyotua chini na kukaa kwenye chuma kabla ya kuyeyuka. Havizuii kupika. Chumvi sasa naitia maji yakishachemka, nikiikoroga papo hapo, na vishimo havijaongezeka.