"Niko huku, watanifanya nini?"

Hiyo kauli nimeisikia mara nyingi kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Uingereza. Mtu kamrushia maneno makali kiongozi wa nyumbani Tanzania, wenzake wanamwambia apunguze moto, yeye anajibu hivyo na vikatuni vya kucheka. Mjadala unafungwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina jibu. Kifungu cha 30 kinamtaja waziwazi raia anayeishi nje: mahakama za nyumbani zinaweza kumhukumu ikiwa alichofanya ni kosa pia huko anakoishi. Pasipoti yako inatembea na sheria zake.

Ila kuwa na mamlaka kwenye karatasi ni jambo moja, kukutia mkononi ni jingine. Nchi uliko ndiyo inayokutoa, na hakimu wake huanza kwa kuuliza kama kitendo hicho ni jinai hapo pia. Kumkejeli kiongozi mara nyingi hakuvuki kizingiti hicho. Kudukua akaunti au kutapeli kunavuka, karibu kila nchi. Kwa hiyo mwenye domo ana kinga kiasi, tapeli asijidanganye.

Na usidhani ni nchi yako ya kuzaliwa tu inayoweza kukutaka. Richard O'Dwyer alikuwa mwanafunzi wa Sheffield, Mwingereza, mwenye tovuti ya TVShack iliyokusanya viungo vya filamu zilizowekwa kwingine. Seva hazikuwa Marekani, naye hakuwa Marekani. Lakini anwani yake ya kwanza iliishia na .net, na rejista ya anwani hizo inaendeshwa na kampuni ya Kimarekani. Marekani ikamtaka kwa kuvunja hakimiliki. Mapema 2012 hakimu wa London akaruhusu apelekwe, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, akatia saini. Aliponea kwa makubaliano mwishoni mwa mwaka huo: akalipa pauni 20,000, kesi ikaishia hapo. Kwa viungo tu! Mimi bado naona ilikuwa ni kuonea.

Mwaka huohuo May alimkatalia Marekani Gary McKinnon, aliyedaiwa kudukua kompyuta za jeshi lao na za NASA, kwa sababu ya afya yake na hatari ya kujiua. Lauri Love, Mwingereza mwingine aliyedaiwa kudukua kompyuta za Marekani, naye aliokolewa na Mahakama Kuu mwaka 2018. Jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba ukombozi wa namna hiyo unaishia mpakani. Hakimu wa London hafungi mikono ya hakimu wa nchi utakayobadilishia ndege.

Ramon Abbas, yule tapeli wa mtandaoni wa Nigeria maarufu kama Hushpuppi, alikamatwa Dubai Juni 2020. Kufika mapema Julai alikuwa mbele ya mahakama Marekani, maana Dubai ilimfukuza tu, bila miaka ya rufaa kama ya McKinnon. Novemba 2022 akahukumiwa zaidi ya miaka 11.

Mwenye wasiwasi wa kweli, hasa wa kisiasa, ajue kuwa kifungu cha 3 cha katiba ya Interpol, shirika la kimataifa la polisi ambalo nchi hulitumia kutafuta watu, kinawazuia kujiingiza kwenye mambo ya siasa. Wana tume inayokagua mafaili yao, na mtu yeyote anaweza kuiandikia kuuliza kama jina lake limo, bila malipo. Iandikie kabla ya kukata tiketi.