Tundu la ozoni halikuzibwa na lokdauni jamani

Mnakumbuka Aprili 2020 ile meseji ilivyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti magari yamesimama, ndege hazipai, dunia imepumua na tundu la ozoni (ile gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua) limejiziba lenyewe? Mi niliifowadi, tena kwa mbwembwe. Naomba radhi, maana nimekuja kusoma vizuri na kumbe kazi yote ilifanywa na upepo.

Tundu lile lilikuwa juu ya Aktiki, yaani ncha ya kaskazini, na sio la kila mwaka kama la kule Antaktika, ncha ya kusini. Iko hivi, majira ya baridi jua halichomozi ncha za dunia, hewa ya kwenye stratosfia (tabaka la juu ya mawingu ya kawaida) inapoa na kuanza kuizunguka ncha kwa kasi kama maji ya ndoo yaliyokorogwa, ya nje haiingii, ya ndani haitoki. Humo ndani baridi ikifika kama nyuzi 78 chini ya sifuri yanatokea mawingu, na juu ya vichembe vya mawingu hayo ndo klorini iliyotokana na gesi za mafriji na spreyi za zamani inaamka. Inasubiri jua tu. Jua likirudi, ozoni inaliwa.

Sasa kwa nini kusini ni kila mwaka na kaskazini ni mara chache? Milima bana, na mabara kupishana na bahari. Kaskazini vitu hivyo vinazalisha mawimbi makubwa ya hewa yanayopanda mpaka juu na kuuyumbisha ule mzunguko, joto linapanda, na ozoni iliyotengenezwa tropiki inashushwa mpaka nchani. Kusini bara limezungukwa na bahari tupu, mawimbi ni dhaifu, mzunguko umejikalia zake. Mwaka 2020 mawimbi ya kaskazini yalilala, mzunguko ukadumu hadi Aprili, ukavunjika, hewa yenye ozoni ikamwagika ndani. Basi, ndo "maajabu" yenyewe.

Hata kusini kuna vituko, Septemba 2002 mawimbi yalipiga mpaka tundu likakatika vipande viwili, halafu 2019 likawa dogo sana, 2020 likawa kubwa na kung'ang'ania hadi Desemba, na klorini ilikuwa karibu ile ile 2019 na 2020, kwa sababu Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kuzuia gesi hizo za mafriji na spreyi, umefanya ipungue ila polepole mno.

Machi 2024 ozoni ya Aktiki ikapanda mpaka kuvunja rekodi. Na hakuna aliyekuwa amefungiwa ndani.